Wamenitoa kwenye klani na naumia kama nimefiwa. Je, nina tatizo?

"Shikamoo mama. Nina miaka 23, niko Mwanza kwa kaka yangu, nimehamia huku mwaka juzi kutoka Tanga. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikicheza PUBG, gemu la vita la kwenye simu, na klani moja, yaani kundi la wachezaji. Tulikuwa kama thelathini, wengine Dar, wengine Mombasa, kiongozi wetu yuko Maskati. Skwadi yetu tulikuwa wanne, tunakutana saa tatu usiku karibu kila siku. Sijawahi kumwona yeyote kwa macho, lakini nawajua kwa sauti. Yule wa Mombasa nilikuwa nasikia hadi muuza kahawa akigonganisha vikombe nje kwao. Baba alipofariki mwaka jana, wao ndio waliokaa na mimi kwenye maiki mpaka kunakucha, na walinichangia nauli ya kwenda Tanga.

Miezi miwili iliyopita nilipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikawa nachelewa kurudi. Halafu kioo cha simu kikapasuka, nikakaa wiki tatu bila simu ya maana. Niliporudi nikakuta mtu mwingine kwenye nafasi yangu. Siku moja wakaniweka kwenye mechi ya mashindano, nikakosea, tukatolewa mapema, kiongozi akanifokea mbele ya wote. Asubuhi nafungua gemu, jina la klani halipo tena kwenye akaunti yangu, na kwenye grupu la WhatsApp nimetolewa. Hakuna aliyeniambia neno. Leo ni siku ya tisa. Usiku silali vizuri, kazini nakosea hesabu. Kaka anasema huu ni ujinga, watu wa kwenye simu si marafiki, na kwamba nimeshakuwa mraibu. Ni kweli? Na kama hawakuwa marafiki, miaka yote hii nilikuwa nafanya nini?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole hii ni ile ile tunayompa mtu aliyepotelewa, kwa sababu umepotelewa, na naona hakuna aliyekupa pole mpaka leo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama pale kwa muuza kahawa. Huwezi kuijua milio ya vikombe vya mtaa ambao hujawahi kuukanyaga ila kama umekaa sana na mwenye mtaa huo, mkafika mahali pa kunyamaza pamoja bila mtu kuona aibu. Kunyamaza namna hiyo hakupatikani na kila mtu. Kwa hiyo nakujibu nikiwa nimeshaamini jambo moja, na ni vizuri ulijue tangu mwanzo: ulikuwa na watu.

Tuanze na uraibu, maana neno hilo siku hizi linatupwa ovyo na naona limekutisha. Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa uchezaji wa magemu. Uliingizwa kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Lakini maelezo yake ni mahususi. Mtu anakuwa ameshindwa kabisa kujitawala katika kucheza. Gemu limepanda juu ya kazi, usingizi, familia na kila alichokuwa akikipenda. Na anaendelea hivyo hivyo huku akiona maisha yake yanaharibika. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi kumi na miwili ndipo mtaalamu aiite ugonjwa. Sasa jitazame. Ulipata kazi ukaenda kazini, na ilipobidi kuchagua kati ya duka na mechi, ulichagua duka. Simu ilipoharibika ulikaa wiki tatu, na sioni popote kwenye barua yako kwamba ulihangaika kuazima ya mtu ili ucheze.

Kuna jambo jingine dogo ambalo kwangu ndilo linamaliza mjadala. Gemu bado unalo. Liko kwenye simu yako sasa hivi. Ukilifungua litakupangia wenzako watatu usiowajua na mtashuka uwanjani ndani ya dakika moja. Mraibu wa gemu angefanya hivyo na angetulia. Wewe hujatulia, kwa sababu kilichokatika ni sauti za watu.

Kuhusu wingi wa saa, ambao wazazi na kaka wengi huutazama kwanza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2022 kazi waliyoifanya na wachezaji karibu 39,000 wa magemu saba, wakitumia kumbukumbu halisi za uchezaji wao. Hawakuona kwamba saa zikiongezeka au kupungua kunabadilisha chochote cha maana katika hali ya mtu ya furaha na utulivu. Kilichokuwa na uzito zaidi ni sababu ya kucheza: anayecheza kwa kuwa anapenda alikuwa na hali nzuri kuliko anayecheza kwa kuwa anajisikia amelazimika. Liweke moyoni swali hilo, litakufaa baadaye. Je, miezi ya mwisho ulikuwa unaingia saa tatu kwa sababu unataka, au kwa sababu unaogopa kupoteza nafasi?

Nije kwa kaka yako. Kabla sijampinga nataka tumwelewe. Yeye anachokiona ni mdogo wake kwenye chumba chenye giza, masikioni ana spika, anapiga kelele "nyuma yako! nyuma yako!" kwa watu ambao hawapo. Kwa macho yake uko peke yako. Angekukuta barazani na vijana watatu mmezunguka bao, asingesema neno, hata kama ungekaa hapo mpaka saa sita za usiku.

Na kwa kweli ni kitu kile kile. Mwaka 1989 mwanasosholojia Mmarekani, Ray Oldenburg, aliandika juu ya kile alichokiita mahali pa tatu: nyumbani ni pa kwanza, kazini ni pa pili, halafu kuna mahali ambapo mtu huenda tu kukaa na watu, bila cheo wala mwaliko. Sisi jina tulikuwa nalo siku zote. Ni kijiwe. Ni baraza. Pale hakuna anayekuuliza mshahara wako, mzaha hauishi, na usipoonekana siku mbili mtu anauliza, "Huyu bwana yuko wapi, mzima kweli?" Mwaka 2006 watafiti wawili, Constance Steinkuehler na Dmitri Williams, waliuangalia ulimwengu wa magemu ya wachezaji wengi kwa kipimo hicho cha Oldenburg na kukuta kwamba magemu hayo yanafanya kazi ya kijiwe. Walisema jambo moja la uaminifu pia: vijiwe hivyo huwa vizuri zaidi katika kukukutanisha na watu wa aina mbalimbali ambao usingekutana nao, na si mara zote vinafika kwenye urafiki wa kufa na kuzikana. Lakini kwa wengine vinafika, na hutegemea sana mtu amekaa pale muda gani na amepita nini na wenzake.

Muda gani? Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alijaribu kuupima. Katika kazi yake ya mwaka 2018 aliona kwamba watu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki, na zaidi ya 200 awe rafiki wa karibu. Na saa zenyewe ziwe za kukaa, kuongea na kucheza. Za kufanya kazi ofisi moja hazikusaidia sana. Wewe hata tukihesabu saa mbili kwa usiku, siku tano tu kwa wiki, kwa miaka mitatu umekaa na watu wale zaidi ya saa 1,500. Na ndani ya saa hizo umo usiku wa msiba wa baba yako.

Nikusimulie kisa kimoja, na ukipenda msimulie kaka. Huko Norway alikuwapo kijana aitwaye Mats Steen. Alizaliwa na ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne, ambao humla mtu nguvu kidogo kidogo. Alitembelea kiti cha magurudumu tangu utotoni, na kadiri miaka ilivyokwenda alibaki na nguvu za vidole tu. Muda mwingi aliutumia ndani, akicheza gemu la kompyuta la wachezaji wengi liitwalo World of Warcraft. Wazazi wake walimpenda sana, na huzuni yao kubwa ilikuwa kwamba mtoto wao ataondoka duniani bila kujua urafiki, bila kumfaa mtu yeyote. Mats alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Alikuwa amewaachia neno la siri la blogu yake, basi baba akaandika pale kwamba mwanawe ametutoka, akaweka na anwani yake ya barua pepe, bila kujua kama kuna mtu atasoma.

Barua zikaanza kuingia. Moja, kisha nyingine, kisha nyingi. Watu wa nchi mbalimbali za Ulaya waliandika kurasa kwa kurasa kuhusu mtu waliyemwita Ibelin, jina lake la kwenye gemu: jinsi alivyowasikiliza walipokuwa na huzuni, jinsi alivyowapatanisha na watu wao. Baadhi yao walisafiri wakaja kumzika. Wazazi wakagundua kwamba mtoto wao alikuwa na kijiji kizima. Baadaye kisa chake kilitengenezewa filamu, na dunia ikakijua. Mimi kila nikikikumbuka huwafikiria wale wazazi waliokaa chumba cha jirani miaka yote ile, wakisikia kibodi tu.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hili: walikuwa marafiki, wengine wao. Na hao wengine ndio tutakaowatafuta.

Sasa kwa nini panauma hivi, kwa kitu ambacho kwa nje kinaonekana ni kufutwa jina tu? Mwanasaikolojia Kipling Williams na wenzake walichapisha mwaka 2000 jaribio la watu zaidi ya 1,400 kutoka nchi 62. Waliwekwa kwenye kigemu chepesi mno cha kwenye kompyuta: wachezaji watatu wanarushiana kitu. Baada ya muda wale wawili wanaanza kurushiana wenyewe na huyu wa tatu harushiwi tena. Dakika chache tu, na watu ambao hawajawahi kuonana, ambao kwa kweli walikuwa programu iliyopangwa. Hata hivyo waliotengwa walitoka pale wameshuka moyo, wakijiona hawana kundi wala pa kushika. Jaribio lililofuata, la mwaka 2004, liliwaambia watu wazi kwamba wanaocheza nao ni kompyuta, na bado iliwauma. Binadamu ameumbwa hivyo. Kwa maelfu ya miaka aliyefukuzwa kundini aliliwa na simba au alikufa njaa, na mwili haukungoja kuambiwa kama kundi lenyewe ni la kwenye simu. Kama kutorushiwa mpira na kompyuta kwa dakika chache kunauma, kufutwa na watu uliokaa nao saa 1,500 kutaachaje kukunyima usingizi?

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Klani yenu ilikuwa vitu viwili vilivyokaa chini ya paa moja. Ilikuwa timu, na ilikuwa kijiwe. Timu ina hesabu zake. Skwadi ni watu wanne, wa tano anasubiri. Anayefanya mazoezi kila siku anapangwa, aliyekosa wiki tatu anakaa pembeni. Ukikosea kwenye mashindano unasemwa. Hata timu ya mpira ya mtaani kwenu Tanga iko hivyo na hakuna anayeiona dhalimu. Kijiwe hakina hesabu hizo. Kijiweni mtu akikosa wiki tatu anaulizwa kama alikuwa mgonjwa, na akirudi anasogezewa nafasi kwenye mkeka. Shida ni kwamba mlivijenga pamoja, na gemu lina kitufe kimoja tu cha kumtoa mtu. Kiongozi alipokibonyeza alikusudia kupanga timu yake, na papo hapo akakufukuza kijiweni. Huenda mwenyewe hajui kama alifanya la pili.

Simtetei. Kumfokea mtu mbele ya wenzake na kumtoa usiku bila hata salamu ni ukosefu wa adabu, uwe uwanjani au kwenye simu. Alipaswa kukuita pembeni akakwambia. Lakini ukiviona vitu hivyo viwili kila kimoja mahali pake, utajua pia unachokidai. Nafasi kwenye timu huidai kwa kucheza vizuri, na kwa kazi yako ya sasa huenda huna tena muda wa kuipigania. Watu ni habari nyingine. Hao hakuna kitufe kinachowafuta.

Utasema, mbona basi wamenyamaza? Nimekaa na vijana wengi wenye kisa kama chako, na ukimya huu mara nyingi hutokea hivi: watu wanaamka, wanaona kwenye grupu maandishi kwamba fulani ameondolewa, kila mmoja anadhani mwenzake wa karibu zaidi ameshamtafuta. Wengine wanaogopa kiongozi. Wengine wanaona aibu, na siku zikipita aibu inazidi, mtu anajiuliza "nitaanzaje sasa?" Siku ya tisa ni nyingi kwa anayesubiri, lakini kwa anayeona aibu ni kama juzi. Usiutafsiri ukimya huo kuwa chuki kabla hujauliza.

Na tafadhali usianze kuirudia miaka mitatu ukiifuta mwaka kwa mwaka. Nauli waliyokuchangia ilikufikisha Tanga. Ulimzika baba yako. Jambo hilo lilikwisha kutendeka, na hakuna anayeweza kukutoa humo.

Nashuku pia kwamba unalia misiba miwili kwa wakati mmoja. Watu wale ndio walioisikia sauti yako usiku aliofariki baba. Kijiwe kile ndicho kilichokuwa mahali pako pa msiba. Kilipofungwa, na msiba umerudi upya, na safari hii hakuna aliyekutandikia mkeka. Ndiyo maana maumivu yamezidi kimo cha tukio lenyewe, na ndiyo maana kaka haelewi.

Nikae kidogo kwa kaka, maana nadhani yeye ndiye mlango ambao hujaugonga. Kama baba yenu ni mmoja, naye alifiwa usiku ule ule. Fikiria alikuwa wapi. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, akimsikia mdogo wake analia kwa watu asiowajua, mpaka kunakucha. Sisemi ulikosea, kila mtu hulia anapopata pa kulilia, na wanaume wengi wa kwetu hawajafundishwa kulia wakitazamana. Lakini inawezekana kabisa kwamba neno "watu wa kwenye simu si marafiki" lina jingine nyuma yake: mbona hukuja kwangu? Siwezi kulithibitisha hilo nikiwa huku. Wewe unaweza. Siku mmetulia, mnakula, mwambie tu, "Kaka, unajua usiku ule wa baba wale watu walikaa na mimi mpaka asubuhi. Ndio hao wamenitoa." Usimtake akubali kwamba magemu ni mazuri. Mwache asikie kisa.

Nije kwenye la kufanya. Jambo la kwanza ni la haraka na halina hisia yoyote: wenzako wengi kwenye klani huachiana akaunti ili mwingine acheze kwa niaba yao. Kama kuna mtu ana neno lako la siri, libadilishe leo.

La pili, mtafute yule wa Mombasa. Mmoja tu kwanza, na kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu ninyi mmejuana kwa sauti na maandishi yatakufanya uonekane umekuja kudai. Sema kama unavyoongea siku zote. Kwa mfano: "Oya, mambo. Nimetolewa kule, nadhani umeona. Sikutafuti unirudishe, mambo ya timu nayaelewa, kazi imenibana. Nimekumbuka tu stori zetu. Yule muuza kahawa bado anapita?" Kisha weka simu chini. Usitume wa pili kuuliza kama amesikiliza wa kwanza. Akijibu kwa furaha, umempata rafiki yako nje ya klani, na ndipo urafiki unapoanza kusimama kwa miguu yake. Akijibu kwa ufupi na kujikanyaga, mpe muda, huyo anaona aibu. Asipojibu kabisa kwa wiki mbili, mwache aende na usimfuate, itauma, lakini utakuwa umejua badala ya kukisia. Baada yake mtafute wa pili kwa namna hiyo hiyo. Kati ya watu thelathini sitegemei ubaki na kumi. Ukibaki na wawili ambao mnaongea hata siku msizocheza, hiyo ni mali.

Kwa kiongozi mawazo hutofautiana. Wenzangu wengine wangekushauri umwandikie kuomba kurudi. Mimi nisingekuharakisha huko. Ukiomba sasa, ukiwa hujalala siku tisa, utakubali masharti yoyote, na utarudi kwa hofu, na utaacha kazi ije ya pili ili usikose tena. Kama unaona huwezi kupumua bila kujua sababu, mwandikie mara moja, faraghani, umwambie hukupendezwa na namna ulivyotolewa na ungependa kuambiwa kwa nini. Mara moja tu. Kuingia tena kwa akaunti nyingine na jina bandia, kusambaza mazungumzo yao ya grupu kwa klani pinzani, kuwashawishi wengine watoke: hayo yote najua mkono unawasha, na yote yatakuchoma wewe kwanza, kwa sababu yatawapa hata wale wanaokupenda sababu ya kukaa kimya.

Kufuta gemu? Kaka angefurahi. Mimi sioni haja, ila kama ukilifungua unajikuta unaangalia tu nani yuko hewani na moyo unaenda mbio, lipumzishe wiki mbili tatu. Kipindi hicho saa tatu usiku ndiyo itakayokusumbua, kwa sababu mwili wako umezoea kuwasubiri watu saa hiyo. Usiiache tupu. Hiyo iwe saa ya kumpigia mama kama yupo, au ya kutoka nje na kaka.

Klani mpya ni wazo zuri baadaye, ukiwa umelala vizuri. Nilikuwa na binti mmoja niliyemshauri ambaye alicheza mwaka mzima maiki ikiwa imezimwa, kwa sababu kila akifungua mdomo wavulana walibadilika, ama matusi ama kumtongoza. Alipotafuta kundi jipya alikuwa na swali lake moja la kuuliza kabla ya kuingia. Lako liwe hili: "Mtu akikosa wiki tatu hapa, inakuwaje?" Wakikujibu kwamba anatolewa, umeshaijua ni timu, ingia kama mchezaji ukitaka. Wakisema "tunampigia simu," hapo pana kijiwe. Watafute waliokuzidi umri kidogo, wenye kazi na watoto; hao hucheza Jumamosi na hawamfokei mtu kwa sababu ya gemu.

Kuna jambo ambalo nilisita kuliandika, lakini nitakuwa sijakutendea haki nikilificha. Umekaa Mwanza mwaka wa pili, na kwenye barua yako yote hakuna mtu wa Mwanza isipokuwa kaka. Sisemi hivi kwa kuwa watu wa kwenye simu ni pungufu. Nasema kwa sababu kuna mambo ambayo sauti haiwezi: kukushika mkono ukiwa na homa, kukuletea uji, kusimama na wewe kwenye foleni. Na nyumba ya nguzo moja, hata nguzo yenyewe iwe nzuri namna gani, siku ikitolewa paa lote linakuja chini, ndilo lililokupata. Mahali pa kuanzia unapo tayari. Pale dukani kuna wapakiaji, kuna madereva wa guta wanaosubiri mzigo, bila shaka kuna mama anayewaletea chai saa nne. Usiende kutafuta rafiki wa kufa na kuzikana. Kaa tu pale dakika kumi zaidi kuliko ulivyozoea.

Mwisho, la afya. Kukosa usingizi siku tisa baada ya pigo kama hili bado ni jambo la kawaida. Lakini ikifika wiki ya tatu hulali, chakula hakipiti, makosa ya hesabu yanazidi mpaka kazi inayumba, au huoni tena raha katika kitu chochote, usijitibu kwa barua yangu. Nenda hospitali ukaonwe ana kwa ana. Hapo Mwanza anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, Sekou Toure, au Bugando, uwaambie unahitaji kuonana na mtu wa afya ya akili. Huko hawatakucheka kwa kusema chanzo ni klani, na wakikuuliza, waambie na habari ya baba. Na kama kuna saa yoyote unajisikia ni bora usiwepo, hiyo haisubiri wiki wala siku: mwamshe kaka saa hiyo hiyo, mwende pamoja, usikae chumbani peke yako.

Ukishampata yule wa Mombasa, au ukimkosa, niandikie hata mistari miwili. Na unieleze kaka alisemaje.